Jenereta la Akiba Huharibika Likiwa Limelala

Assalaam alaykum, ndugu zangu mafundi, wauguzi wa wodi, na nyinyi wahasibu ambao nimeomba makusudi mje, maana dizeli mnainunua nyinyi.

Nianze na tarehe ambazo kila mtu mzima wa Unguja anazikumbuka. Tarehe 21 Mei 2008 umeme ulikatika kisiwa kizima, haukurudi mpaka Juni 18. Tukasema yamepita. Desemba 10, 2009 ukakatika tena, na safari hii tukakaa gizani miezi mitatu, hadi Machi 2010. Unguja yote ilikuwa ikitegemea waya mmoja uliopita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, uliolazwa mwaka 1980. Pampu za maji zilisimama, watu wakarudi visimani, na kila mwenye uwezo akatafuta jenereta. Mwaka 2013 ukazinduliwa waya mpya wa megawati 100. Tangu hapo majenereta yetu mengi yamelala, na huko kulala ndiko kunakoyaharibu.

Jenereta linalofanya kazi kila siku likiumwa, fundi wake anajua siku hiyohiyo. La akiba linakaa bandani miezi, halafu usiku mmoja tunalitaka liwake ndani ya sekunde 10 na kubeba chumba cha upasuaji, friji za chanjo na mashine za oksijeni kwa pamoja. Likigoma, watu hukimbilia kufungua injini. Mara nyingi injini haina kosa lolote. Betri ndiyo imekufa.

Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma kama 12.6. Ikisoma 12.4 imeshapungua kiasi cha robo, na ikishuka chini ya 12 usiitegemee. Lakini kipimo hicho peke yake kinadanganya. Mwambie mwenzako apige stata, ile mota inayozungusha injini ili iwake, wewe macho kwenye mita. Ikianguka chini ya volti 9 na nusu wakati stata inazunguka, betri hiyo imekwisha, hata kama taa ya chaja inawaka kijani. Kwenye majenereta makubwa yenye betri mbili, pima kila moja peke yake, kwa sababu mbovu hujificha nyuma ya nzima. Na joto la pwani linazizeesha haraka, kwa hiyo msingoje ife ndipo muandike ombi la kununua.

Sasa wahasibu. Tangi lililo nusu lina hewa juu ya mafuta, na hewa yetu imejaa unyevu. Usiku ukipoa, unyevu ule unakuwa matone, yanatiririka hadi chini kwa kuwa maji ni mazito kuliko dizeli. Pale maji yanapokutana na mafuta huota vijidudu vinavyotengeneza ute mweusi, na ute ule ndio unaoziba filta dakika ya ishirini baada ya jenereta kuwaka, mgonjwa akiwa mezani. Tangi likijaa, nafasi ya unyevu inakuwa ndogo. Najua fedha ya kujaza tangi inaonekana imelala bure. Naomba muitoe hivyohivyo. Na fundi afungue koki ya chini kila mwezi, amwage mpaka itoke dizeli safi.

Vituo vingi vina desturi ya kuwasha Jumatatu dakika kumi, bila mzigo, kisha daftari linawekwa tiki. Desturi hiyo ina madhara. Injini ya dizeli isiyobeba kitu haipati moto wa kutosha, mafuta hayaungui yote, masizi na mafuta mabichi yanakwenda kuganda kwenye bomba la moshi. Mkiona bomba linadondosha majimaji meusi yanayoteleza, ndiyo hayo. Kanuni ya Marekani iitwayo NFPA 110 inataka dakika 30 kila mwezi, na mzigo usiopungua asilimia 30 ya uwezo wa jenereta. Mimi naikubali kabisa.

Nije kwenye vifaa vya kinga, na hapa naomba utulivu, kwa sababu yako mambo ambayo hata mafundi wazoefu huyapita.

Umeme wa ZECO, shirika letu la umeme Zanzibar, una nguvu kubwa nyuma yake. Waya ukigusana, mkondo unaruka na breka inakata papo hapo. Jenereta halina nguvu hiyo. Tuchukue la kVA 30, hicho ndicho kipimo cha ukubwa wake: mkondo wake wa kawaida ni kama ampia 43 kwa kila fezi. Shoti ikitokea, mkondo huruka juu kwa sehemu ndogo ya sekunde, kisha hushuka. Jenereta lenye mfumo mzuri wa kudhibiti volti litashikilia kama mara tatu, yaani ampia 130, na la kawaida litashindwa hata hapo. Breka ya aina ya C, ile inayosubiri mkondo mkubwa kabla ya kukata, ya ampia 40 inahitaji kati ya ampia 200 na 400 ili ikate mara moja. Hesabu mnaiona wenyewe: breka inasubiri, waya unaungua. Kwa saketi za soketi na taa, aina ya B ya ampia 16, inayokata kati ya 48 na 80, ina nafasi nzuri zaidi.

Jambo jingine ni ile breka yenye kitufe, inayokata umeme ukivuja kwa miliampia 30. Ukibonyeza kitufe inakata, unaridhika. Lakini kitufe kile kinajaribu mashine ya ndani ya breka tu, hakipiti kwenye ethi, yaani waya unaokwenda ardhini. Kama nyutro ya jenereta, yaani waya wa kurudishia umeme, haikuungwa na ethi, breka itakata kwa kitufe na isikate mtu akishikwa na umeme. Pimeni kwa mita, jenereta likiwa linawaka.

Na asiwepo hata mmoja wa kuchomeka jenereta kwenye soketi ya ukutani. Umeme ule unarudi hadi kwenye transfoma, unapandishwa kuwa volti 11,000, na juu ya nguzo yuko kijana wa ZECO anayeamini laini imezimwa. Tumieni chenji ova, swichi ya kuchagua umeme wa ZECO au wa jenereta, isiyoweza kushika pande mbili kwa pamoja.

Daktari dhamana ameturuhusu tuzime meni swichi ya hapa saa nane, upasuaji wa leo ukishamalizika. Kila kikundi kichukue mita moja na karatasi. Wauguzi wawili wabaki kwenye friji za chanjo waandike dakika na sekunde umeme ulipokatika na uliporudi.