Nondo wa Nafaka: Umbo Lake, Anakopatikana na Maisha Yake Ndani ya Punje

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu, na ndugu wakulima mliofika hapa Mtwara kutoka Newala, Masasi na Nachingwea,

Tukizungumzia waharibifu wa nafaka ghalani, wengi wetu humtaja dumuzi kwanza, na si bure, kwa kuwa unga anaouacha chini ya kihenge haufichiki. Mimi nimekuja kumzungumzia mwingine, asiyeacha unga wa kutosha kumshtua mtu: nondo wa nafaka, Sitotroga cerealella, aliyeelezwa kisayansi na Mfaransa Olivier mwaka 1789.

Ni mdogo. Akitandazwa mabawa, upana wake ni milimita 10 hadi 18 hivi. Mabawa ya mbele yana rangi ya hudhurungi iliyofifia, na mara nyingine yana nukta nyeusi chache. Ya nyuma ni ya kijivu, yamepakana na nywele ndefu, na ncha yake hupungua ghafla mithili ya kidole kinachoonyesha. Ncha hiyo ndiyo alama ya kumtambulia.

Anapatikana karibu kote duniani penye joto la kutosha. Huko Ufaransa, katika jimbo la Angoumois, aliharibu ngano kiasi kwamba mwaka 1760 wataalamu wawili, Duhamel du Monceau na Tillet, walitumwa kumchunguza. Kwetu anakula mahindi, mtama, mpunga na uwele.

Maisha yake huanza shambani, jambo ambalo wengi hawalitazamii. Jike hutaga mayai juu ya punje zinazokaribia kukauka. Mayai hayo ni meupe, kisha hugeuka mekundu. Kiwavi akianguliwa hutoboa tundu dogo mno, huingia, na hatoki tena hadi awe nondo. Humo hula kiini na wanga wa punje. Akikomaa hutafuna njia hadi kwenye ganda, lakini halitoboi: huacha utando mwembamba wa duara, kama dirisha, kisha nyuma yake hugeuka pupa, yaani hatua ya kutulia kabla ya kuwa nondo. Nondo akiwa tayari huusukuma utando huo na kuruka. Katika joto la pwani yetu, safari yote huchukua wiki nne hadi tano. Nondo mzima hali nafaka hata kidogo, wala haishi muda mrefu, kwa hiyo kumkimbiza kwa ufagio, ninavyoona mimi, ni kuchelewa: hasara imekwisha kutendeka, na mayai huenda yamekwisha kutagwa.

Nondo huyu ni dhaifu, hawezi kujipenyeza ndani kabisa ya nafaka iliyopukuchuliwa, ndiyo maana hushambulia tabaka la juu tu. Mahindi yakiwa bado kwenye magunzi, au mtama ukiwa kwenye masuke, hupata nafasi kila upande. Anayehifadhi hivyo juu ya jiko achague mahindi ambayo maganda yake yamefunika hadi ncha. Anayepukuchua akaushe vizuri, kisha afunge nafaka katika mifuko isiyopitisha hewa, kwa sababu viwavi waliomo ndani ya punje, ambao jicho haliwaoni, hufa kwa kukosa oksijeni.