Kupima Hatari ya Tabianchi Katika Miji Inayokua: Tujifunze kwa Mbale

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Tukitaka kujua mabadiliko ya tabianchi yataiumiza Mbale yetu, hapa mashariki mwa Uganda, kiasi gani, tusiishie kwenye mvua. Tuulize pia habari za watu: nani anaishi maji yanapopita, nani ataumia zaidi yakifika, na nani ana cha kumwinua baadaye.

Mbale ilipandishwa hadhi kuwa jiji Julai 2020. Miaka miwili baadaye, mwishoni mwa Julai 2022, mito Nabuyonga na Namatala ilifurika, na zaidi ya watu 20 wakapoteza maisha. Mito hiyo inashuka kutoka miteremko ya Mlima Elgon, nje ya mipaka ya jiji. Sasa, mpimaji anayeishia kwenye mpaka wa jiji amepima nini? Mteremko uliokatwa miti kule juu, ukingo uliolimwa hadi majini na daraja jembamba huku chini ni mambo ya kupimwa pamoja, hata kama yako wilaya tofauti.

Kuna jingine linaloniuma. Mafuriko yale yaliharibu pia mabomba ya maji safi. Familia zilizojenga mahali pa juu, ambazo hazikuloa hata mkeka, nazo zikakosa maji bombani. Kwenye ramani ya mafuriko nyumba hizo zingeandikwa salama! Kwa hiyo tufuate mabomba, barabara, soko na zahanati: vimepita au vimejengwa wapi, na vikikatika, ipo njia ya pili?

Mtaniambia takwimu hazitoshi. Kweli, mji hukua upesi kuliko sensa. Baada ya ile ya 2014 tulingoja hadi 2024, na katika muda huo watu wamejenga hata kwenye vinamasi. Lakini mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, kule mtaani Namatala anajua maji yalifika dirisha la nani. Mama anayekaanga chapati kando ya mtaro anajua unaziba wapi kwanza. Tutembee nao, tuweke alama ukutani, tuzihamishie kwenye ramani.

Na tusiwaulize wenye nyumba peke yao. Mara nyingi mwenye nyumba anaishi kwingine. Anayelala chumbani maji yakiingia usiku ni mpangaji, na mkutano wa mtaa ukiitishwa, yeye haitwi.