Robo Digrii kwa Kila Wati: Kuchagua Kipoza cha Prosesa Iliyoongezwa Kasi

JUMA: Karibuni tena, ndugu wasikilizaji. Mimi ni Juma, na mwenzangu ni dada Rehema, ambaye leo kaja na shida yake mwenyewe mezani. Dada, hebu waeleze.

REHEMA: Asante, kaka Juma. Nina kompyuta ya mezani yenye prosesa ya Intel, Core i5-13600K. Kazi yangu ni picha za pande tatu, na kila jioni naiacha ichore fremu moja baada ya nyingine mpaka asubuhi. Sasa nataka kuiovakloki, yaani kuikimbiza kuliko kasi ya kiwandani. Ilivyotoka kiwandani, viini vyake vikubwa, zile sehemu za prosesa zinazofanya hesabu nzito, vinafika gigahezi 5.1. Mimi nataka vikimbie kwa 5.5, vyote kwa pamoja, usiku kucha. Ubao mama wangu unaruhusu. Nilipokwama ni kwenye kipoza: nichukue cha hewa, ule mnara wenye mapezi na feni, au cha maji chenye rejeta, ile fremu ya mapezi inayopoza maji, ya milimita 360?

JUMA: Tuanze na volti, halafu kipoza kitajichagua. Ukipandisha kasi, joto linapanda kwa kiasi kilekile: kasi asilimia kumi, joto asilimia kumi. Volti ndiyo inayoumiza, maana joto linafuata volti zidisha kwa volti. Na huwezi kupanda kasi mbali bila kuongeza volti, prosesa itaganda au itakosea hesabu. Tuseme leo inafanya 5.1 kwa volti 1.20, na ili ikae imara kwenye 5.5 inadai 1.35. Intel wanaiandikia i5 hiyo wati 181 za umeme inapokuwa kwenye kasi ya juu, na umeme huo unaishia kuwa joto. Piga hesabu.

REHEMA: Ngoja. 1.35 gawanya kwa 1.20, zidisha yenyewe kwa yenyewe... 1.27 hivi. Kasi, 5.5 kwa 5.1, ni 1.08. Zote pamoja 1.37. Mara 181... Kaka, hiyo ni karibu wati 247!

JUMA: Wati 66 za ziada kwa kasi asilimia nane. Na hapo hatujagusa umeme unaovuja ndani ya silikoni, ambao unaongezeka kadiri chipu inavyopata moto. Ndiyo maana kipoza kizuri kinakurudishia hata wati chache: chipu ikiwa baridi zaidi, inavuja kidogo.

REHEMA: Sasa hizo wati 247 nitazilinganishaje na kipoza? Maboksi yanaandikwa "hadi wati 260", "hadi wati 300".

JUMA: Namba ya kwenye boksi usiitegemee. Kila mtengenezaji anapima kwa namna yake, na mara nyingi haambii chumba kilikuwa na joto gani wala chipu iliishia digrii ngapi. Tafuta hivi: chipu inapanda digrii ngapi juu ya joto la chumba kwa kila wati moja. Chumba chako usiku kina joto gani?

REHEMA: Nilipima. Digrii 28.

JUMA: Na chipu hiyo mwisho wake ni 100, ikifika hapo inajipunguza kasi yenyewe. Kwa kazi ya usiku kucha mimi nisingependa ivuke 90. Tisini toa 28 ni 62. Gawanya kwa wati 247: robo digrii kwa kila wati. Huo ndio mzigo unaompa kipoza chako.

REHEMA: Na mnara wa hewa unaweza robo digrii?

JUMA: Mnara mkubwa wa pande mbili, kwenye prosesa za familia hii, unacheza kwenye 0.3 hivi, tukihesabu njia nzima kuanzia kwenye silikoni mpaka hewani. Zidisha kwa 247, ongeza 28 za chumba.

REHEMA: Inakuwa 102. Imepita.

JUMA: Imepita. Rejeta nzuri ya 360 inashuka mpaka karibu na hiyo robo, kwa hiyo ungeishia 90, ukutani kabisa, bila nafasi ya kupumua.

REHEMA: Hilo limenishangaza. Nilidhani maji yangeacha hewa mbali sana.

JUMA: Wengi wanadhani hivyo. Fuata safari ya joto, dada. Linatoka kwenye kipande kidogo cha silikoni, linapita kwenye kifuniko cha chuma, linapita kwenye pesti, ule uji unaopakwa kati ya kifuniko na kipoza, ndipo linakutana na kipoza. Vituo vya mwanzo ni mali ya chipu, kipoza hakiwezi kuvibadili. Chipu zinavyozidi kuwa ndogo, foleni kubwa inakuwa hapo mwanzoni. Unaweza kuweka rejeta kubwa kama mlango, digrii zilizokwama chini ya kifuniko zitabaki palepale.

REHEMA: Na ndani ya ule mnara, kwani kuna nini? Vile vibomba vya shaba ni vipande vizima?

JUMA: Viko wazi ndani, na hapo pana ufundi ninaoupenda sana. Kila kibomba kina maji kidogo, hewa imenyonywa, kwa hiyo maji yanachemka kwa joto dogo. Upande wa prosesa yanageuka mvuke, mvuke unakimbilia kwenye mapezi, unapoa, unarudi kuwa maji, na maji yanafyonzwa kurudi chini kupitia utando wa ndani, kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi. Hakuna pampu, hakuna kinachosagika. Feni ikifa, unabadilisha feni tu.

REHEMA: Kwa hiyo na kile cha hewa ni cha maji!

JUMA: Kwa kweli ndivyo.

REHEMA: Haya, utetee upande wa pili. Maji ya rejeta yana faida gani?

JUMA: Maji yanameza joto jingi kabla hayajapanda digrii. Mtu anayefanya kazi za kushtukiza, dakika mbili moto, dakika kumi kimya, maji yanampa afueni kubwa. Lakini wewe unachora saa nane mfululizo. Baada ya nusu saa hivi maji yamekwisha kushiba. Kuanzia hapo kinachokuokoa ni eneo la mapezi na hewa inayopita, sawasawa na mnara.

Halafu kuna pampu. Niliwahi kufunga rejeta chini ya kesi, pampu ikawa ndiyo sehemu ya juu kuliko zote. Katika kila mfumo uliofungwa kuna hewa kidogo, na hewa hupanda. Ikakaa kwenye pampu. Nilisikia mlio wa maji yanayogugumia, nikaupuuza wiki nzima, na digrii zikawa zinapanda kila siku. Kosa la ufungaji, langu. Kwa hiyo anayechukua rejeta, aiweke juu ya kesi, au mbele huku kichwa chake kikiwa juu kuliko pampu.

REHEMA: Kesi yangu juu haina nafasi ya 360. Na kwa pembeni nimepima, kipoza kisizidi milimita 160 kwa urefu.

JUMA: Umefanya vizuri kupima mapema. Noctua NH-D15 ina milimita 165, mlango wako usingefunga. Thermalright Peerless Assassin 120 SE ina 155, vibomba sita, feni mbili za 120. Angalia tu vijiti vyako vya RAM visiwe virefu, maana feni ya mbele inakaa juu yake.

REHEMA: Lakini tumekwisha kusema mnara utanifikisha 102.

JUMA: Kwa 5.5. Shuka 5.3, volti 1.25. Hesabu tena.

REHEMA: 1.25 gawanya kwa 1.20, zidisha yenyewe kwa yenyewe... 1.085. Kasi 1.04. Inakuwa wati 204. Mara 0.3 ni 61, ongeza 28... 89!

JUMA: Umeacha megahezi 200, chini ya asilimia nne ya kasi, na umeondoa wati 43 usiku kucha. Kwangu mimi hapo hakuna mjadala. Ningechukua mnara na 5.3 hata kama kesi ingekuwa na nafasi ya rejeta.

REHEMA: Mimi moyo wangu ulikuwa kwenye 5.5. Ila fremu inayochukua dakika 10 ikichukua dakika 10 na sekunde 20, sitakufa. Afadhali nilale bila kuamka kuangalia vipimo.

JUMA: Kabla hujagusa volti, sasisha BIOS, ile programu ya ndani ya ubao mama. Prosesa za kizazi cha 13, kama yako, na cha 14 za Intel zilikuwa na kasoro ya kudai volti kubwa mno, na baadhi zikaharibika taratibu. Intel walitoa marekebisho mwaka 2024, na yanaingia kupitia BIOS. Halafu wakati wa kufunga: soketi yako, LGA1700, yaani kikalio cha prosesa kwenye ubao mama, inakandamiza prosesa kwenye kingo mbili, na kifuniko kinabonyea kidogo katikati. Zipo fremu za chuma za kubadilisha kile kibanio, zinasawazisha mkandamizo na kupunguza digrii kadhaa. Kwa aliye ukutani kama wewe, digrii kadhaa ni mali.

REHEMA: Na pesti? Naona wengine wanatumia ile ya chuma cha majimaji.

JUMA: Iache. Ina galiamu, inapitisha umeme, na ikigusa alumini inaila. Pesti ya kawaida, ipake itandae kifuniko chote, basi. Kaza skrubu kwa mshazari, kidogokidogo, na ubandue ile plastiki ya chini ya kipoza. Feni zote zipulize kuelekea nyuma ya kesi, zifuate mkondo wa feni za kesi.

REHEMA: Nikishafunga, nitajuaje kwamba hesabu yetu ilikuwa sahihi?

JUMA: Weka kipimajoto karibu na kesi, mahali hewa inapoingilia. Anzisha kazi yako halisi, hizo fremu zako, maana programu nyingine za majaribio zinachoma kuliko kazi yoyote ya kweli. Acha nusu saa. Kisha soma vitu vitatu kwa pamoja: wati, digrii za chipu, digrii za chumba. Toa chumba kwenye chipu, gawanya kwa wati. Ukipata 0.3, umefunga vizuri. Ukipata 0.4, fungua tena, mgusano una kasoro.

REHEMA: Na nikipata 0.28?

JUMA: Basi jaribu 5.4, kwa volti ndogo kadiri itakavyokubali. Ikianza saa tano usiku kwenye 88, na saa kumi alfajiri haijavuka hapo, iache ichore.