Anza na Nyonga: Kumkalisha Mtoto Kwenye Kiti cha Magurudumu

Karibu. Leo tunamkalisha mtoto kwenye kiti cha magurudumu, na kila hatua utaiona kwa macho. Video hii ni yako mzazi au mlezi ambaye kiti tayari unacho, lakini ukimkalisha mtoto, muda si mrefu unamkuta ameteleza mbele, amelalia ubavu mmoja, au kichwa kimeangukia kifuani. Kichwa kikianguka, mkono wa mtu unakimbilia kichwani. Unakiinua, kinaanguka tena. Ukiona mtungi unayumba, tazama kata iliyo chini yake. Kata ya mtoto ni nyonga, kwa hiyo kichwa leo tutakigusa mwisho kabisa.

Ninaye rafiki yangu hapa, ana miaka sita, ana mtindio wa ubongo. Rafiki, nakushika kiunoni sasa, sawa? Mmeona? Ametazama juu, hiyo ndiyo "ndiyo" yake. Mweleze mtoto unachotaka kufanya kabla hujamgusa, hata kama hasemi. Ukimshtukiza, misuli inakakamaa, na kumkunja mtoto aliyekakamaa ni kazi.

Kiti kwanza. Funga breki zote mbili, nyanyua vikanyagio. Kisha tazama mto. Mito mingi ya viti hivi imebonyea upande wa nyuma, ndipo makalio yanapokaa, na mbele imeinuka kidogo ili mapaja yasiteleze. Ukigeuzwa, mto huohuo unamsukuma mtoto nje ya kiti. Hili hutokea sana baada ya foronya kufuliwa, kwa hiyo tia alama ya kalamu upande wa mbele umalize kesi.

Sasa nyonga, na hapa tutakaa kidogo. Mkalishe, kisha muinamishe mbele taratibu mpaka kifua chake kiegemee bega lako. Akiwa ameinama hivi, mikono yako inapita nyuma, inashika makalio, inayarudisha mpaka yaguse kiegemeo cha mgongo. Usimvute kwa kumkamata kwapani. Mabega ya mtoto mwenye misuli dhaifu huumia upesi.

Sogeza kamera karibu. Ninaweka vidole gumba kwenye ile mifupa miwili inayojitokeza mbele ya nyonga, mmoja kulia, mmoja kushoto. Vidole vyangu viko usawa? Hapana, kilicho upande wa kushoto wa mtoto kiko juu. Maana yake nyonga imeinamia kulia kwake, na ndiyo sababu mgongo wake unajipinda na kichwa kinatafuta pa kuangukia. Jaribu kuisawazisha kwa mkono, polepole, bila nguvu. Ya huyu inarudi. Basi nakunja kipande cha sponji ngumu, nakiweka chini ya kalio lake la kulia, lile lililoshuka, na vidole vinakuwa usawa.

Ingekataa kurudi, ningefanya kinyume: sponji ingekwenda chini ya upande ulio juu, kujaza nafasi iliyo wazi, ili uzito usikae wote kwenye kalio moja. Nyonga iliyokwisha kukakamaa moja kwa moja hailazimishwi. Kiti ndicho kinachoifuata. Kama huna hakika ni ipi kati ya hizo mbili, simama hapohapo umsubiri mtaalamu wa fiziotherapia. Kuliko kuweka sponji upande usiostahili, ni afadhali usiweke kabisa.

Kuna tatizo jingine utakaloliona zaidi ya hilo: mtoto anakaa kwenye kitokono, ule mfupa wa chini kabisa wa mgongo, mgongo umejikunja, makalio yamekimbilia mbele. Watu humfunga mkanda kwa nguvu. Kabla ya mkanda, pitisha vidole viwili kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti. Vinapita? Vizuri. Visipopita, sehemu ya kukalia ni ndefu kwake kutoka nyuma kuja mbele, na mtoto lazima ateleze ili magoti yapate kukunjika. Weka sponji ngumu nyuma ya mgongo, yote ya unene mmoja, imsogeze mbele hadi vidole vipate nafasi. Mto laini wa kulalia haufai, unabonyea na kumrudisha kulekule.

Mkanda sasa. Unapita chini kabisa, pale paja linapokutana na nyonga, na unaelekea nyuma na chini kwa pembe ya takriban nyuzi 45. Ukipanda tumboni unambana tumbo, na mtoto anateleza chini yake. Ukaze mpaka kiganja bapa kipite kwa shida. Na hili nalisema kwa sauti: mkanda wa kifua usifungwe kamwe kama ule wa nyonga haujafungwa. Mtoto akiteleza, mkanda wa kifua unapanda shingoni na unaweza kumnyonga.

Tushuke miguuni. Kikanyagio kikiwa chini sana, mtoto anajinyoosha kukifikia na nyonga inamfuata. Kikiwa juu sana, magoti yanapanda na uzito wote unabaki kwenye makalio. Paja lote lilale juu ya mto, unyayo wote ukanyage. Watoto wengi wenye mtindio wa ubongo misuli ya nyuma ya paja huwa imekaza, na misuli hiyo imeshika nyonga upande mmoja na chini ya goti upande wa pili. Ukimnyoosha magoti kuifikisha miguu kwenye kikanyagio kilicho mbele, unaivuta nyonga iteleze mbele. Acha miguu irudi nyuma, chini ya kiti kidogo. Haipendezi kwenye picha, lakini mtoto anakaa.

Mbavuni sitakaa sana. Kama bado anaegemea upande, viegemeo vya pembeni vikae chini ya kwapa bila kuligusa. Vikilibana, vinabana mishipa ya mkono.

Haya, kichwa. Mtazameni. Hatujakigusa, na kimeinuka peke yake kwa sehemu kubwa. Kilichobaki ni kiegemeo cha nyuma ya kichwa, kikae kwenye fuvu, kisisukume shingo mbele. Akichoka, kiti kinachoinama nyuma chote kwa pamoja kinamsaidia, kwa sababu pembe ya nyonga haibadiliki. Kulaza kiegemeo cha mgongo peke yake kunafungua nyonga na kumtelezesha, na ngozi ya mgongo inakwaruzwa. Wakati wa kula, kidevu kielekee chini kidogo. Kichwa kikiwa kimetupwa nyuma, chakula kinaweza kuingia njia ya hewa.

Meza ya kiti ije kwenye usawa wa viwiko. Ikiwa juu, mabega yanapanda hadi masikioni.

Siku za mwanzo usimwache saa nyingi. Mkalishe nusu saa, mtoe, mvue nguo, kagua ngozi: makalio, kitokono, nyuma ya magoti, visigino, na popote mkanda ulipopita. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo tumia mgongo wa kiganja. Tafuta pa moto, pagumu, au palipoiva rangi kuliko penginepo. Alama isiyoondoka ndani ya nusu saa ni onyo la kidonda. Mtoto asirudi kitini mpaka ujue kinachomkandamiza. Mtoto aliyezaliwa na mgongo wazi, yaani uti wa mgongo haukufunga vizuri, anaweza asihisi chochote, yeye mkague kila siku.

Kila baada ya miezi mitatu hivi rudia vipimo vya vidole viwili na vikanyagio, kwa kuwa mtoto anakua na kiti hakikui. Ukipata nafasi ya kumwona mtaalamu, mpige picha mbili akiwa kitini, moja kutoka mbele na moja kutoka ubavuni. Piga mwisho wa siku, akiwa amechoka, maana asubuhi watoto wote hukaa vizuri.