Bwaga Moyo: kumtumaini Mungu siku moyo umechafuka

Tumsifu Yesu Kristo! ... Jamani mbona kama mmetoka shamba, tumsifu Yesu Kristo! Eeh, hapo sawa. Na wenzetu wa Kilutheri na Kipentekoste niliowaona wamekaa kule nyuma, Bwana Yesu asifiwe, karibuni sana, sogeeni mbele viti vipo. Baba Paroko asante kwa nafasi hii, na mama zangu mlioamka usiku kupika, Mungu awalipe.

Nimeambiwa niongee kuhusu kumtumaini Mungu kipindi ambacho mtu hana amani moyoni. Sasa mimi si padri wala sista, ni mama tu wa hapa Bagamoyo, mume wangu mvuvi na mimi nauza samaki, kwa hiyo nitaongea kwa nilichokipitia na kwa nilichosoma kwenye Biblia.

Naanza na jina la mji wetu. Wote tunajua tuliambiwa tangu shuleni, Bagamoyo ni bwaga moyo. Lakini kuna maelezo mawili na watu wanabishana ipi ya kweli. Wengine wanasema ni neno la wapagazi, wale waliotoka bara huko Ujiji na Tabora, Ujiji mpaka hapa ni kama kilomita 1,200, mtu miezi kibao ana pembe ya ndovu kichwani au begani, mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kama kilo 32, akifika hapa akaiona bahari anasema haya sasa, bwaga moyo, tulia, umefika. Wengine wanasema hapana, ni neno la watumwa, mtu kafungwa minyororo kaletwa pwani anajua kesho anapandishwa jahazi kuvushwa Zanzibar na kwao harudi tena, kwa hiyo moyo anaubwaga hapa hapa, unabaki bara na watu wake.

Mimi siamui ipi ya kweli. Ila miaka mingi nimekuwa nikiwaza, neno ni lile lile moja, mmoja analisema anapumua na mwingine analisema analia. Na nikaona hata kwa Mungu iko hivyo. Kuna siku nabwaga moyo kwake kwa raha, nimepata nilichoomba, nashukuru. Na kuna siku naubwaga kwa sababu umevunjika na siwezi kuubeba tena. Zote mbili ni kubwaga moyo. Shida yetu waamini tumefundishana kwamba ile ya kwanza ndio imani na ile ya pili ni kukosa imani. Hapo ndipo ninapotaka tukae leo.

Mnakumbuka Mei 2024, Kimbunga Hidaya? Mamlaka ya Hali ya Hewa imetangaza, redio zote zinasema, boti za Zanzibar zimesimama, wavuvi msiingie baharini. Mume wangu alikuwa dago, yaani kambi ya wavuvi mbali na nyumbani, na wenzake upande wa Mafia. Na kimbunga kinaelekea huko huko Mafia. Napiga simu, namba unayopiga haipatikani kwa sasa. Napiga ya mwenzake, vile vile. Kwenye wasap ndio usiseme, kila mtu anatuma video za vimbunga vya nchi za watu, maghorofa yanaruka, mwingine ananitumia mimi mke wa mvuvi saa nne usiku.

Basi nikachukua rozari nikakaa kwenye mkeka. Ndugu zangu nawaambia ukweli, sikumaliza hata fungu moja la Salamu Maria kumi. Naanza Salamu Maria nafika katikati nasahau niko wapi, nasikia upepo tu juu ya bati, mikono inatetemeka, tumbo linauma, narudia mwanzo. Mwisho nikaweka rozari chini nikamwambia Mungu, we unanisikia au hunisikii? Kwa sauti, mpaka mwanangu akaamka. Halafu baada ya hapo ndio ikaja aibu, nikajiona mnafiki, mimi ndiye ninayeongoza sala kwenye jumuiya, nawaambia wenzangu wasiogope, leo upepo umevuma kidogo namgombeza Mungu.

Asubuhi nikapigiwa simu kwa namba ngeni. Walikuwa wamepandisha vyombo mapema, wamelala kwenye banda la watu, simu zimekwisha chaji na mtandao hakuna. Mzima kabisa. Nilipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka.

Ningeweza kuishia hapo na mngesema amina. Lakini mwaka huo huo mwezi wa nane nikamzika mama yangu. Aliugua miezi minne. Rozari ile ile, mkeka ule ule, na safari hii niliimaliza yote kila siku, na novena juu, ile sala ya siku tisa. Na mama akafariki. Sasa kama kumtumaini Mungu maana yake ni kupata ulichoomba, basi mwezi wa tano nilikuwa na imani nikiwa natetemeka na kugomba, na mwezi wa nane sikuwa na imani nikiwa nimetulia nasali vizuri. Haiji. Haiingii akilini, na kwenye Injili haimo.

Tufungue Marko sura ya 4 kuanzia mstari wa 35. Sisi watu wa pwani habari hii ni ya kwetu. Dhoruba kubwa, mawimbi yanaingia chomboni, na Yesu yuko katika shetri amelala juu ya mto. Shetri ni kule nyuma kwa nahodha, wavuvi mnajua. Na humo chomboni kuna wavuvi wenyewe, Petro, Andrea, Yakobo na Yohana, hawa maji wameyazoea toka watoto, wakiogopa wao ujue kweli pamechafuka. Wakamwamshaje? Hawakumwambia Bwana mpendwa tunakuja mbele zako kwa unyenyekevu. Walisema, "Mwalimu, si kitu kwako kuwa tunaangamia?" Yaani we hujali tunakufa hapa!

Hiyo ndiyo sala yao. Imeandikwa, haikufutwa, tunaisoma kanisani mpaka leo.

Kuna mtu ataniambia mama mbona aliwauliza, mbona mmekuwa waoga, hamna imani bado? Ndio, aliwauliza, sikatai. Ila angalia kwa Marko aliwauliza lini. Kwanza aliukemea upepo. Kwanza alituliza maji, wakapumua, ndipo akawauliza. Hakusema sitaamka mpaka muombe vizuri. Aliwaokoa na woga wao ule ule, na kelele zao zile zile. Na mimi naona, hata kumwendea kule shetri na kumtikisa ilikuwa imani, maana mtu usiyemtegemea humwamshi, unahangaika kuchota maji peke yako mpaka chombo kinazama.

Halafu Eliya, 1 Wafalme 19. Nabii mkubwa, juzi tu ameshusha moto mlimani Karmeli, leo amekaa chini ya mti jangwani anamwambia Mungu inatosha, chukua roho yangu. Na Mungu hakumkaripia. Alimtuma malaika na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili, kula, maana safari ni kubwa kwako. Mimi napenda sana hapo. Kabla ya mahubiri, chakula na usingizi. Kuna watu humu ndani mnafunga siku ya kumi na nne na hamjalala wiki nzima mnafikiri shetani amewavamia, mwili umechoka tu ndugu yangu, kula ulale kwanza.

Na hapa niseme wazi kabisa. Mtu akikaa muda mrefu halali, hali, anaongelea kufa, anataka kujidhuru, mpeleke hospitali. Tumwombee na tumpeleke, vyote viwili, kumeza dawa si kumkana Mungu, Luka aliyetuandikia Injili alikuwa tabibu na Paulo anamwita tabibu mpendwa. Tumewapoteza watu kwa kuwaambia ongeza maombi tu. Na kwenye msiba tuache kumwambia mfiwa usilie. Yesu alikwenda kaburini kwa Lazaro anajua kabisa dakika chache zijazo anamfufua, na bado alilia. Sasa wewe ni nani unamkataza mjane?

Sasa turudi kwenye mzigo. Petro, huyu huyu aliyekuwa anapiga kelele kwenye chombo, amezeeka anaandika barua anasema tumtwike Mungu fadhaa zetu zote. Angalieni hilo neno kutwika. Kina mama tuliobeba maji tunalijua. Ndoo ya lita 20 imejaa, unasimama pale bombani unamwambia mwenzio nitwishe, na ukifika nyumbani unamwita mtoto njoo unitue. Peke yako unaweza kujaribu, lakini nusu unaimwaga na shingo unaitegua. Kwa hiyo Petro anatuambia ule mzigo wa kichwani kwako mtwike Mungu, kichwa chake hakivunjiki.

Wapagazi nao, tunakumbuka tu siku waliyofika pwani, tunasahau kwamba kila jioni kambini walikuwa wanatua. Mzigo chini, moto, chakula, usingizi, alfajiri wanajitwisha tena. Wasingetua kila jioni wasingefika hapa hata mmoja. Mimi nilikuwa nataka Mungu anitue mara moja basi, woga uishe nisahau. Haikuwa hivyo. Msiba wa mama naubwaga usiku, asubuhi naamka uko pale pale, naubwaga tena. Nilidhani nakosea kumbe ndio safari yenyewe.

Na Mungu hutumia mikono ya watu. Usiku ule wa Hidaya mwanangu alivyoamka analia, jirani yangu akasikia akaja kugonga. Ni Muislamu, mnajua mji wetu huu tumechanganyika. Hakuniuliza kitu. Alikuja na chupa ya chai ya tangawizi akakaa na mimi kwenye mkeka mpaka adhana ya alfajiri, yeye anaomba dua zake kimoyomoyo mimi nimeshika rozari nisiyoweza kuisali. Huyo ndiye aliyenitua. Sala nilishindwa kuimaliza lakini sikuachwa peke yangu, na nikiangalia nyuma naona lile ndilo lilikuwa jibu la swali langu la unanisikia au hunisikii.

Jambo lingine dogo, kwa nahodha. Upepo ukizidi nahodha hapandishi tanga, anatua tanga. Moyo ukichafuka usifanye maamuzi makubwa. Usivunje ndoa usiku huo, usikimbilie mkopo wa kausha damu, usiweke stetasi ya kumsema mtu. Hisia ni upepo, zipo kweli, Mungu ndiye aliyetuumba nazo, lakini usizipe usukani.

Namalizia na hawa tulionao hapa hapa misheni. Mapadri wa Roho Mtakatifu walihamia hapa kutoka Zanzibar mwaka 1868 wakasimamisha msalaba pale ufukweni, wakafungua kijiji kwa waliokombolewa utumwani. Mwaka 1872 kikaja kimbunga kikaharibu majengo yao. Tukitembelea makaburi yao mtaona, wengi walikufa vijana sana, malaria. Na mwaka 1874, tarehe 24 Februari, kina Susi na Chuma, watumishi wa yule mmisionari na msafiri Livingstone, na wenzao wakaingia hapa na mwili wake, wamembeba toka Chitambo, ambako leo ni Zambia, alikofia Mei 1873. Miezi tisa hivi njiani. Walipofika Tabora Mzungu mmoja akawashauri wamzike hapo hapo, wakakataa. Mwili ukalazwa kwenye ule mnara wetu wa kanisa la zamani kabla ya kuvushwa kwenda Zanzibar na Uingereza. Na moyo wake haukuwemo, moyo waliuzika kule kule Chitambo chini ya mti. Huwa nikipita pale mnarani nawawaza wale wabebaji, kila jioni wanatua, wanalala na msiba wao pembeni, alfajiri wanajitwisha. Majina yao wengi hatuyajui. Wamefika Bwaga Moyo, wanatua kwa mara ya mwisho, sidhani kama walikuwa wanacheka, na sidhani kama walikuwa wanalia tu.

Zaburi ya 62 mstari wa 8 inasema, "Ifunueni mioyo yenu mbele zake, Mungu ndiye kimbilio letu." Haisemi ipangeni kwanza, wala haisemi itulieni halafu mje.

Sasa Baba Paroko ameturuhusu, tunatoka hapa tunapita njia ya miembe mpaka msalabani kule baharini. Tusiimbe, twende kimya. Ukifika tafuta pa kukaa, mwambie Mungu kile ambacho hujawahi kukisema mbele za watu, kwa maneno yako, kama unagomba gomba, kama huna maneno kaa tu. Ukiona mwenzio anatokwa machozi usimkimbilie kumnyamazisha, kaa karibu yake inatosha. Tuna nusu saa, maji yanajaa saa hizi kwa hiyo watoto tuwashike mikono. Chai tutanywa tukirudi, na aliyekuja na mzigo ambao ni wa kuongea na mtu anione mimi au Baba, tupo mpaka jioni.