Baiskeli Inayokuuliza Una Kilo Ngapi

(Mhadhara uliotolewa Newala, mbele ya mafundi baiskeli na wanafunzi wa ufundi)

Shikamooni wazee wangu mliokaa mbele. Vijana wa nyuma, habari za jioni.

Baiskeli mnayoiona hapa juu ya meza si yangu. Ni ya kaka mmoja wa Dar aliyekuja mapumzikoni. Kaniachia siku nne kwa sharti moja: nisiipeleke kwa fundi yeyote. (Kicheko.) Basi mimi nimewaleta mafundi kwake.

Hii ni baiskeli ya mlimani inayonesa mbele na nyuma. Foki inanesa milimita 170, nyuma 165. Weka rula uone, haiko mbali na shibiri. Njoo uinyanyue, mzee wangu. Kilo 16. Phoenix yangu, na kerea yake na stendi yake, inavuka 20. Watu wengi hudhani dude lenye mashokapu lazima liwe zito kama mashine ya kusaga, kumbe sivyo.

Siku ya kwanza niliipanda kama nilivyoikuta. Nikaenda ukingoni, upande wa Shimo la Mungu, nikashika njia ya miguu inayoteremka kuelekea bonde la Ruvuma. Mnazijua njia zile. Bibi zetu walizipanda na mitungi kichwani, maana huku juu uwanda wa Makonde ni mchanga, mvua yote unainywa, wala hakuna kijito. Nikashuka mita mia mbili hivi, nikasimama. Ilinirusha vibaya. Kila jiwe nililihesabu kwa meno. Nikajisemea, hela zote hizi, nami nimekaa kwenye tela la pikapu iliyokufa mashokapu.

Nikampigia kaka simu. Hakunipa pole. Aliniuliza, "Una kilo ngapi?"

Sasa ndugu zangu, mimi nimetengeneza baiskeli zaidi ya miaka ishirini. Hakuna baiskeli iliyowahi kuniuliza kilo zangu. Phoenix ni ileile, akiipanda mtoto aliyepenyeza mguu chini ya bomba la fremu, akiipanda baba yake, ikifungwa gunia la korosho nyuma na mama mjamzito akakaa juu yake. Wewe ndiye unayejipanga kuifuata. Hii haiko hivyo. Kaka ana kilo 96. Nikaenda ghala la korosho, msimu haujafunguliwa, mzani umekaa bure, nikapanda juu: kilo 68. Na pale hakuna kangomba, ile ya kupima korosho kwa bakuli; kilo ni kilo. Kumbe siku nzima nilikuwa nimevaa shati la mtu mwingine.

Tazameni shokapu hii ya nyuma. Humu ndani hamna springi ya chuma, ni upepo mtupu. Unapokaa, upepo unabanwa, na kadiri unavyobanwa ndivyo unavyozidi kugoma. Nilikuta presha 230, nikaishusha mpaka 160. Lakini msije mkachomeka pampu ya kukanyaga mliyonayo gereji. Chumba cha upepo ni kidogo kama kikombe cha kahawa na presha yake ni kubwa. Kwa pampu ile pigo moja linakuvusha, na ukiichomoa, upepo unatoka kabla hujafunga. Kuna pampu yake ndogo, ya mkono, ina saa ya presha. Hiyo hapo, pitisheni muione. Irudi, tafadhali.

Na huu mpira mwembamba uliovishwa kwenye nondo inayong'aa, mkiuona mtadhani ni wa kufungia noti. Huo ndio rula ya fundi. Unausukuma mpaka chini kabisa, mtu anakushikia usukani, unapanda taratibu na viatu vyako na chupa yako ya maji, unatulia, unashuka bila kuruka. Mpira umebaki pale ulipofikishwa. Unapima. Nondo hii inaingia milimita 65 zikiisha zote. Mimi nataka nikikaa tu iwe imeshaingia asilimia 30, yaani milimita 19 na nusu. Ukikuta 10, ni ngumu. Ukikuta 28, ni laini mno, itagonga mwisho kwenye shimo la kwanza.

Kijana mmoja aliniuliza jana, kwa nini nipoteze mneso kwa kukaa tu? Swali zuri, na lilinichukua usiku mzima. Ni kwa sababu gurudumu halipandi mawe tu. Linashuka mashimoni pia. Likikutana na shimo linatakiwa lianguke mle lenyewe na kugusa chini, wewe ubaki juu ulipo. Kama shokapu imenyooka yote, halina pa kushukia, na tairi lisipogusa ardhi hakuna breki wala kona.

Kuna na hiki kitufe chekundu cha kuzungusha. Ndani yake mafuta yanapita kwenye tundu dogo ili shokapu isirudi kwa fujo. Ukikifungua sana, unatoka jiweni kama mbuzi aliyekatika kamba. Ukikifunga sana, inashindwa kurudi kabla ya jiwe linalofuata, na mwisho unaendesha baiskeli iliyochuchumaa. Nilizungusha pigo mojamoja, nikashuka njia ileile mara tano. Mara ya sita nilitaka kuimba. Mizizi ya mikorosho ilipita chini yangu nikiisikia kwa mbali, mikono imelegea. Siti nimeishusha kwa kubonya kidude mkononi, bila spana wala kusimama. Nikifika bondeni naibonya tena, inapanda. Kwa hicho kidude peke yake ningemwuzia mtu mbuzi wangu.

Kupanda sasa. Phoenix yangu ina meno 48 mbele na 20 nyuma, pedeli ikizunguka mara moja nasogea zaidi ya mita 5. Hii ina 32 mbele, na spoketi kubwa ya nyuma meno 52, kubwa kuliko sahani ya wali. Mzunguko mmoja ni kama mita moja na nusu. Unapanda, naam, unapanda hata pale tunaposukuma, ila kina mama wenye ndoo wanakupita na kukusalimia. Na usipoibana shokapu kwa kile kiwashio cha bluu, sehemu ya nguvu zako inaishia kunesa.

Kwenye mchanga, sitaki kusema mengi: tairi ni pana, inchi 2.4, halina tyubu, lina upepo kidogo sana. Linaelea. Hilo wanaoendesha njia za Tandahimba kiangazi watanielewa.

Lawama yangu ni usukani. Milimita 800! Kwenye njia ya shamba la muhogo umebeba mlango mgongoni.

Jambo moja la zamani, kwa sababu nyinyi ni mafundi. Huko Marekani, jimbo la California, vijana wa Marin miaka ya 1970 walichukua baiskeli kuukuu za Schwinn, nzito kama zetu, wakashindana kuteremka mlimani. Mashindano yenyewe yalianza 1976 na waliyaita Repack, yaani kupaka upya. Sababu ya jina ni grisi. Breki ilikuwa ndani ya haba, yaani kitovu cha gurudumu la nyuma, ile ya kukanyaga kinyume; wakifika chini haba inatoa moshi, grisi imeungua yote, inabidi wafungue na kupaka upya. Mwaka 1977 Joe Breeze akaunda fremu yake mahususi kwa kazi hiyo. Yaani babu wa hii dude ni ndugu wa Phoenix.

Maswali? Karibu, mzee wangu.

(Mzee mmoja fundi alisimama, akaizunguka baiskeli, akabonyeza siti mara mbili.)

Anauliza, kerea inafungwa wapi? Haifungwi, mzee. Huku nyuma kote kunacheza, ukifunga kerea unafunga viungo. Haibebi gunia. Inambeba mtu, tena mmoja, tena aliyepimwa.

Unasemaje? Ndiyo, kwenye viungo hamna gololi za kumwaga, ni beringi nzima nzima, namba imeandikwa ubavuni. Soma tu, una macho mazuri kuliko mimi. 6902. Haya, unaijua?

Anasema anayo kwenye kopo la Kimbo nyumbani.