Mnunuzi Mwenye Jicho: Halmashauri na Nyumba za Wazee Uingereza

Wazee wangu, shikamooni. Dada na kaka, asanteni kwa kuja. Najua wapo waliotoka shifti sasa hivi na wapo wanaoingia usiku huu, kwa hiyo sitawachelewesha.

Mmeniomba nieleze halmashauri za England zinavyofuatilia ubora wa nyumba za kulelea wazee, hizi ambazo wengi wetu tunafanyia kazi. Nasema England kwa sababu Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini wana wakaguzi wao.

Tukisikia ukaguzi, kichwani inakuja CQC, yaani Care Quality Commission. Hao ndio wanaosajili nyumba na kutoa yale madaraja manne: bora sana, nzuri, inahitaji kuboreshwa, haitoshelezi. Wana uwezo wa kufuta usajili. Tatizo ni kwamba mkaguzi wao huweza kukaa miaka bila kurudi. Tathmini ya Dkt. Penny Dash kuhusu CQC, iliyoagizwa na serikali mwaka 2024, ilikuta takriban kituo kimoja kati ya vitano walivyo na mamlaka ya kuvikagua hakijawahi kupewa daraja hata mara moja. Kwa hiyo cheti kilichobandikwa mlangoni huenda kinamsifu meneja aliyeondoka zamani.

Halmashauri inaingia kwa njia nyingine. Nyumba nyingi ni mali ya kampuni binafsi, na halmashauri ndiyo inayonunua huduma kwa ajili ya wazee wasiojiweza kifedha. Mwenye kununua ana mkataba, na mkataba unampa haki ya kuja kuangalia, kwa taarifa au kwa kushtukiza. Juu ya hapo kuna Sheria ya Matunzo ya 2014: kifungu cha 5 kinaibebesha halmashauri jukumu la kukuza ubora wa huduma katika eneo lake lote, na cha 42 kinailazimu kuchunguza pale mtu anayehitaji matunzo anapodhulumiwa au kutelekezwa na hawezi kujikinga.

Sasa ofisa wa halmashauri akija anatazama nini? Hapa naomba mnisikilize vizuri. Anaanza na mafaili, lakini macho yake yanatafuta pale ambapo karatasi na maisha havikubaliani. Chukueni karatasi ya kuandika saa za kumgeuza mzee kitandani ili asipate vidonda. Imejazwa saa nane kamili usiku, saa kumi kamili, saa kumi na mbili kamili, kalamu moja, kwa wazee wote wa korido. Usiku huohuo daftari la matukio linasema saa kumi kasoro bibi wa chumba cha mwisho alianguka, ambulensi ikaitwa, na wahudumu walikuwa wawili tu. Nani basi aliwageuza wengine saa kumi kamili? Ofisa hahitaji kugombana na mtu. Anaomba kuona ngozi ya mgongo na visigino, anahesabu vidonda vya kulalia, anabonyeza kengele ya chumbani na kutazama saa. Anaangalia kama kikombe cha maji kipo mahali mkono wa mzee unapofika. Anauliza familia. Akiwa hodari, anakuja Jumapili.

Akikuta kasoro, nyumba inapewa mpango wa marekebisho wenye tarehe, kisha anarudi kuhakiki. Isipobadilika, halmashauri inaacha kupeleka wazee wapya mpaka mambo yatengemae. Hilo linauma, kwa maana kitanda kitupu hakiingizi pesa. Kuvunja mkataba ni hatua ya mwisho, nami nakubaliana na utaratibu huo. Kumhamisha mzee mwenye maradhi ya kusahau kutoka chumba alichokizoea ni kumwumiza. Mwaka 2011 kampuni ya Southern Cross, iliyokuwa na nyumba takriban 750 na wakazi wapatao 31,000, ilianguka, na nchi nzima ikaona hofu iliyowapata wazee na jamaa zao. Ndiyo maana halmashauri nzuri hupeleka muuguzi wa vidonda, mfamasia wa kupitia dawa, na mafunzo kwa meneja mpya, kabla ya kufikiria kufunga.

Lakini kuna jambo linalonikera na lazima niliseme. Huyu anayedai ubora ndiye anayepanga bei. Mwaka 2017 CMA, mamlaka ya ushindani wa biashara, ilikuta anayejilipia mwenyewe hulipa takriban asilimia 40 zaidi ya halmashauri, ndani ya nyumba ileile. Halmashauri nazo zimebanwa na serikali kuu, nalijua hilo. Hata hivyo, ofisa anayeandika kwamba wahudumu hawatoshi usiku anapaswa pia kuiuliza ofisi yake inalipia wahudumu wangapi.

Jingine linatuhusu sisi. Kati ya Februari 2022 na Julai 2025 wengi waliingia kwa viza ya kazi hii, na viza imefungwa kwa mwajiri. Mwajiri akipoteza leseni ya udhamini, ile inayomruhusu kuajiri wageni, kwa kawaida mfanyakazi anapewa siku 60 kutafuta mwingine. Mtu wa namna hiyo akiulizwa mbele ya meneja wake kama kila kitu ni shwari, atajibu shwari. Nazidai halmashauri ziongee na wahudumu faragha, na wa usiku wasisahaulike, kwani wao ndio wanaojua.

Ukiona mzee anaumizwa, timu ya ulinzi wa watu wazima ya halmashauri inapokea taarifa kutoka kwa yeyote, na huhitaji ruhusa ya meneja. Unaweza kuomba jina lako lihifadhiwe. Sheria ya 1998 inamlinda mfanyakazi anayefichua madhara, ingawa kwa mwenye viza ulinzi huo haurudishi udhamini, kwa hiyo ongea na chama cha wafanyakazi mapema. Andika tarehe, saa, chumba, ulichokiona kwa macho yako na uliyemwambia. Usipige picha ya mzee, wala usitoke na karatasi zake. Sema zilipo, ofisa atazifuata.

Haya, karibuni kwa maswali. Tuanze na wanaowahi shifti.